King'ora kinapolia bure, nani analipa? Jibu kwa mwenye duka wa Texas

Swali limetoka kwa dada mmoja, mzaliwa wa Kigoma, anayeendesha duka la vyakula vya nyumbani katika mji mdogo ulio pembeni mwa Houston, jimbo la Texas. Nimelifupisha hivi: “Shikamoo mzee. Duka langu lina alamu iliyounganishwa na kampuni ya ulinzi, na ninailipia kila mwezi. Juzi nimepokea barua ya halmashauri ya mji. Imeorodhesha mara sita ambazo polisi walikuja ndani ya miezi kumi na moja bila kukuta mwizi, na ninadaiwa dola 175. Mara moja kati ya hizo walifika baada ya zaidi ya saa nzima, na mara nyingine nilikuta kitasa cha mlango wa nyuma kimepinda. Jirani yangu ananiambia kwamba hata zimamoto wakija watanitumia bili, kama walivyomtumia mdogo wake alipogonga gari. Sasa kodi tunalipia nini? Nilipe, nikatae, au niing'oe hii alamu nipate amani?”

Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana barua ya namna hiyo huwa na tarehe ya mwisho na siku zinakwenda. Usilipe dola 175 kabla ya kuhakiki, usiikalie barua kimya, na alamu usiing'oe. Kwa maelezo yako, ukithibitisha hoja zako zote mbili, deni ambalo mji unaweza kukudai kihalali litashuka hadi dola 50. Ukithibitisha moja tu, litakuwa dola 100. Nitakuonyesha hesabu hiyo inatoka wapi, kwa sababu ukiielewa utaweza kuisimamia mwenyewe mbele ya karani wa mji bila kutafuta mtu wa kukusemea.

Kwanza tuelewane kuhusu jinsi mambo yanavyokwenda huku, maana wengi wetu tumekuja na picha ya nyumbani. Dar es Salaam au Nairobi, alamu ya duka ikilia, gari linalofika kwanza ni la doria la kampuni yenyewe ya ulinzi, likiwa na walinzi wa kampuni, na gharama yake imo ndani ya mkataba. Huku Marekani kampuni nyingi zinazouza huduma ya alamu hazina mlinzi hata mmoja wa kumtuma dukani kwako. Ishara ya alamu inakwenda kwenye kituo cha ufuatiliaji, ambacho kinaweza kuwa katika jimbo jingine kabisa; mfanyakazi wa zamu anakupigia simu, na akikukosa anawapigia polisi wa mji wako. Kwa hiyo wewe unailipa kampuni, lakini anayetoka usiku ni askari anayelipwa na mji. Hapo ndipo mgogoro wote ulipo, na ndiyo sababu miji imetunga sheria ndogo za alamu.

Ukubwa wa tatizo lenyewe si wa kubuniwa. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani kwa ajili ya vikosi vya polisi unaeleza kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya wito wa alamu za wizi huwa ni milio ya bure, na kwamba mwaka 2002 polisi nchini humo waliitikia alamu zipatazo milioni 36, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.8 kwa mwaka. Kila safari kwa kawaida huchukua askari wawili, maana hakuna kiongozi mwenye busara atakayemtuma askari mmoja peke yake kwenye jengo linalodhaniwa lina mwizi. Wakati askari hao wanazunguka duka lako na tochi, kuna mwanamke mahali fulani amepiga namba ya dharura, 911, kwa sababu anapigwa, na anasubiri. Nakuomba uliweke hilo moyoni hata unapotetea haki yako, kwa sababu hoja ya mji ina uzito wake na haitakusaidia kuibeza.

Lakini uzito wa hoja haumpi karani ruhusa ya kudai kiasi anachotaka. Jimbo la Texas limeweka mipaka, nayo imo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya jimbo, sura ya 214, kuanzia kifungu cha 214.191. Mji unaweza kutunga sheria ndogo yake, ila hauwezi kuvuka mipaka hiyo; muulize karani athibitishe kwamba vifungu ninavyovitaja ndivyo vinavyouhusu mji wenu. Kuhusu kibali cha alamu, yaani ruhusa ya mji ya kuwa nayo, ada ya mwaka haiwezi kuzidi dola 50 kwa nyumba ya kuishi wala dola 250 kwa mahali pengine, pamoja na duka kama lako. Kuhusu milio ya bure, kifungu cha 214.197 kinaupa mji nafasi ya kutoza pale tu ambapo milio mingine mitatu imekwisha kutokea mahali hapo ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Maana yake mitatu ya kwanza ni ya kusamehewa. Kwa jinsi miji kadhaa inavyovihesabu viwango vya juu vya kifungu hicho, wa nne na wa tano hautozwi zaidi ya dola 50 kila mmoja, wa sita na wa saba hauzidi dola 75, na kuanzia wa nane ni dola 100. Sasa chukua barua yako: 50 kwa wa nne, 50 kwa wa tano, 75 kwa wa sita, jumla 175. Karani hakukosea kujumlisha. Swali ni kama milio yote sita ilistahili kuingia kwenye orodha.

Hapa ndipo kifungu cha 214.196 kinapokuhusu, na ningependa ukichapishe kwenye karatasi ukiweke ndani ya bahasha pamoja na barua yako. Kinasema kwamba mji hauwezi kuhesabu kuwa kumetokea mlio wa bure mpaka mambo mawili yatimie: askari wa mji wawe wamefika ndani ya dakika 30 tangu mji ulipopewa taarifa ya alamu, na wawe wamekagua ndani au nje ya jengo na kuamua kwamba taarifa ile haikuwa ya kweli. Yote mawili. Mantiki yake ni rahisi: askari akifika baada ya saa nzima, mwizi kama alikuwepo amekwisha ondoka na mzigo wake, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba alamu ililia bure. Kwa hiyo ile mara waliyochelewa haiwezi kusimama kwenye orodha, na ikitoka, milio iliyobaki ni mitano na deni linashuka hadi dola 100.

Zingatia kwamba dakika 30 hazianzi kuhesabiwa pale king'ora kilipolia dukani. Zinaanza pale mji ulipopata taarifa, yaani pale mtu wa kituo cha ufuatiliaji alipowapigia polisi. Ndiyo maana maneno yako peke yake hayatatosha, hata kama unakumbuka vizuri kwamba ulisimama mlangoni ukisubiri. Iombe kampuni yako ya alamu ikupe kumbukumbu ya matukio ya usiku huo. Kila kampuni inazo, na zinaonyesha kwa dakika na sekunde ni saa ngapi sensa (kile kifaa kinachohisi mtu akipita au mlango ukifunguka) ilishtuka, ni saa ngapi walikupigia wewe, na ni saa ngapi waliwapigia polisi. Upande wa pili, uombe mji nakala ya rekodi ya wito, inayoonyesha saa taarifa ilipopokelewa na saa askari alipofika. Hiyo ni haki yako chini ya sheria ya jimbo ya taarifa za umma, sura ya 552 ya Sheria ya Serikali ya Texas, na ombi linaweza kuwa barua fupi au barua pepe isiyo na ufundi wowote: taja anwani ya duka, tarehe, na kwamba unaomba rekodi ya wito na muda wa kufika. Karatasi hizo mbili zikisimama pamoja, hakuna mabishano yanayobaki.

Hoja ya kitasa kilichopinda ni halali lakini ni ngumu zaidi, nami sitaki kukupa tumaini la bure. Askari alifika kwa wakati, akamulika, akaandika kwamba hakuona dalili ya uhalifu. Wewe ulikuja asubuhi ukaona kitasa kimepinda. Ili mlio huo utoke kwenye orodha, unahitaji kuonyesha kwamba kitasa kilipinda usiku ule na si wiki iliyotangulia. Kama ulipiga picha kwa simu asubuhi ile, picha inabeba tarehe na saa ndani yake. Kama ulimwita fundi, risiti yake ina tarehe. Kama ulirudi polisi ukatoa taarifa, namba ya taarifa hiyo ndiyo silaha kubwa kuliko zote. Na kama hukufanya lolote kati ya hayo, bado ieleze hoja hiyo kwa maandishi, ukitaja kwamba mlango wa nyuma hauonekani kutoka barabarani, jambo linaloweza kueleza kwa nini askari hakuona, lakini jiandae kusikia hapana. Siku nyingine, kabla hujagusa kitu, piga picha, kisha piga simu polisi kwa namba yao isiyo ya dharura utoe taarifa. Kuna watu wengi wa kwetu wanaotengeneza kitasa kimya kimya kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, halafu miezi sita baadaye wanatozwa kwa usiku ambao waliibiwa nusu.

Sheria hiyo hiyo ina mlango mwingine ambao wenye maduka wachache wanaujua. Kama kituo cha ufuatiliaji kimerekodi picha inayoonyesha uwezekano wa uhalifu, na picha hiyo ikaufikia mji kabla askari hawajakagua jengo, mji hauwezi kutoza adhabu kwa mlio huo. Kwa hiyo kamera iliyounganishwa na alamu yenyewe ina faida ambayo kamera ya kawaida inayorekodi kwenye kisanduku chini ya kaunta haina. Unapozungumza na kampuni kuhusu kuboresha mfumo, anzia hapo.

Kuhusu kibali, hukusema kama unacho, na hilo linanitia wasiwasi kidogo. Duka ulilinunua kutoka kwa mtu mwingine au ulilianzisha? Katika miji mingi kibali ni cha mtu na mahali kwa pamoja, hakihami na biashara, kwa hiyo kibali cha mwenye duka wa zamani hakikukingi. Kukosa kibali ni kosa linalojitegemea, nalo lina adhabu yake katika sheria ndogo ya mji, mbali na hesabu niliyokueleza. Sheria ndogo hizo hupatikana kwenye tovuti ya mji au kwa karani. Tafuta sehemu inayotaja alamu, usome maneno yake mwenyewe, usitegemee muhtasari ulio nyuma ya barua. Jua pia kwamba mahali pakifikisha milio minane au zaidi ya bure ndani ya miezi 12, mji unaweza kukifuta kibali au kukataa kukihuisha. Wewe uko kwenye sita. Ndiyo maana kuiondoa miwili isiyostahili kuna thamani kubwa kuliko zile dola 125 zitakazopungua.

Umeuliza kwa uchungu, na nadhani nimekusikia vizuri: kwa nini nitozwe mimi, wakati waliopiga simu polisi ni kampuni? Kuna mji uliouliza hivyo hivyo. Sandy Springs, katika jimbo la Georgia, ulihamisha faini kutoka kwa wateja ukazitwisha kampuni za alamu zenyewe. Kampuni zilikwenda mahakamani zikidai kwamba zinaadhibiwa kwa makosa ya wateja wao. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Kumi na Moja ilizikatalia, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Kwa maoni yangu mji ule uliona mbali, kwa sababu kampuni ndiyo yenye uwezo wa kurekebisha mitambo, kufundisha wateja na kupiga simu ya pili kabla ya kuwasumbua polisi; mwenye duka hana uwezo huo wote. Lakini huko ni Georgia. Mji wako umeamua kumtoza mwenye mahali, na mkataba wako na kampuni, ukiusoma maandishi madogo, karibu hakika unasema faini za milio ya bure ni juu yako. Kama sababu ya mlio ni sensa mbovu au iliyofungwa vibaya, hiyo unaweza kuidai kampuni, lakini huwezi kuitumia kama jibu kwa mji.

Miji mingine imechukua njia kali zaidi. Salt Lake City, tangu mwisho wa mwaka 2000, polisi wake hawaendi kwenye alamu ya wizi mpaka mtu wa kampuni au shahidi athibitishe kwa macho kwamba kuna jambo. Seattle nao, kuanzia Oktoba 1, 2024, unataka ushahidi wa sauti, picha, kitufe cha dharura kilichobonyezwa au mtu aliyeona, ndipo askari atoke. Idara yao ilieleza kwamba mwaka 2023 ilipokea wito wa alamu 13,000 na kwamba chini ya asilimia 4 ndiyo iliyothibitika kuwa na uhalifu uliozaa kukamatwa kwa mtu au taarifa ya polisi. Texas inauruhusu mji kuamua vivyo hivyo, lakini kwa masharti: lazima kwanza ujitahidi kuwaarifu wenye vibali, lazima uitishe mkutano wa hadhara watu waseme yao, na ukishaamua kutoitikia alamu, haki ya kutoza ada na faini za sheria hiyo inakwisha. Hilo la mwisho ni la haki kabisa. Ukiona tangazo la mkutano wa namna hiyo katika mji wako, nenda, na uwachukue wenye maduka wenzako.

Sasa nije kwenye bili ya zimamoto na swali lako la kodi, ambalo ni zito kuliko lile la dola 175. Kanuni ya msingi katika sheria ya Marekani iko upande wako. Gari moshi lilipoacha reli katika mji wa Flagstaff, Arizona, likiwa na matangi ya gesi ya petroli, mji ulilazimika kuwahamisha watu, na baadaye ukaishtaki kampuni ya reli urudishiwe gharama za dharura. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa iliukatalia. Hukumu iliandikwa na jaji Anthony Kennedy, ambaye baadaye aliingia Mahakama Kuu, na kiini chake ni kwamba gharama za kuwalinda watu dhidi ya moto na hatari zinabebwa na umma wote kupitia kodi, hazidaiwi kwa yule aliyesababisha, isipokuwa pale ambapo watunga sheria wamesema vinginevyo. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ya Washington ilifuata njia hiyo hiyo kuhusu ndege ya Air Florida iliyogonga daraja na kutumbukia mto Potomac Januari 13, 1982, ajali iliyoua watu 78. Serikali ya mji ilitaka shirika la ndege lilipie uokoaji na usafishaji; mahakama ikasema hapana. Kama kampuni ya reli na shirika la ndege hazikutozwa bila sheria mahususi, mwenye duka wa dagaa na unga wa muhogo naye hawezi kutozwa bila sheria mahususi.

Lakini angalia ule mlango uliobaki wazi: isipokuwa watunga sheria wamesema vinginevyo. Wamesema, na katika mambo mengi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 kuhusu kemikali za sumu inamfanya mwenye kuzimwaga alipie gharama za kuzidhibiti. California inaweza kumdai mtu aliyewasha moto kwa uzembe au kwa kuvunja sheria, na dereva mlevi aliyesababisha ajali anaweza kudaiwa gharama za polisi na zimamoto hadi dola 12,000 kwa tukio moja. Gari la wagonjwa liko kando kabisa, kwa sababu linahesabiwa kama huduma ya matibabu na bili yake huenda kwenye bima ya afya. Unaona basi kwamba swali la kuuliza ni lile lile kila mara: bili hii imetolewa kwa kifungu gani cha sheria?

Hilo ndilo swali mdogo wake jirani yako alipaswa kuuliza. Bili za zimamoto baada ya ajali ya gari mara nyingi hazitumwi na zimamoto wenyewe. Zinatumwa na kampuni binafsi ya ukusanyaji iliyoingia mkataba na mji, ikitarajia kwamba bima ya gari italipa. Majimbo kadhaa yamezipiga marufuku au kuziwekea mipaka. Akipata bili hiyo asikimbilie kulipa mfukoni, na asiitupe pia. Aipeleke kwa kampuni yake ya bima siku hiyo hiyo, kisha awaandikie waliomtumia akiomba namba ya sheria ndogo inayoiruhusu, tarehe iliyopitishwa, na mchanganuo wa kila kitu: gari gani lilikuja, kwa muda gani, kwa kiwango gani. Akiona ametozwa magari matatu ya zimamoto kwa ajali iliyopinda bampa tu, ana haki ya kuuliza.

Kwa duka lako, tofautisha mambo mawili ambayo jirani ameyachanganya. Sura ya 214 niliyoieleza inahusu alamu za wizi zinazowaita polisi. Alamu ya moto inafuata kanuni za moto za mji, na kama umepanga kwenye jengo la maduka mengi, huenda mtambo wenyewe ni wa mwenye jengo. Soma mkataba wako wa pango uone nani anawajibika ikilia bure. Moto halisi ukitokea jikoni, waite zimamoto mara moja bila kufikiria bili. Na alamu ya moto isizimwe wala kuchomolewa betri kwa sababu inasumbua; ikiharibika, mwarifu mwenye jengo na ofisi ya zimamoto, nao watakuelekeza kuhusu ulinzi wa muda mpaka itengenezwe. Faini ya mlio inalipika, lakini watu wanaolala ghorofa ya juu hawarudishwi.

Tumalize na kilichosababisha milio sita, kwa sababu barua nyingine itakuja kama chanzo kimebaki pale pale. Chukua ile kumbukumbu ya matukio uliyoiomba kwa kampuni, utazame ni sensa ipi iliyoshtuka kila usiku. Katika maduka kama lako mara nyingi ni moja au mbili tu zinazojirudia. Sensa ya mwendo ikielekezwa kwenye tundu la kiyoyozi, na mbele yake kuna bango la karatasi au maputo ya sherehe yaliyoning'inizwa darini, kiyoyozi kikiwaka usiku lile bango linacheza, na sensa inaona mtu. Mlango wa nyuma uliolegea, upepo wa dhoruba unautikisa mpaka sumaku yake inaachana. Panya nao wapo, hasa penye magunia ya nafaka. Kubwa kuliko yote ni sisi wenyewe: kijana anayefungua asubuhi anasahau namba ya siri, anajaribu mara mbili, muda unaisha, king'ora kinalia, anaogopa kupokea simu ya kampuni kwa sababu Kiingereza chake hakijakaa sawa. Mfundishe neno la siri la kuiambia kampuni kwamba hakuna mwizi, jibu la simu hiyo ni sentensi moja tu, na ulibandike mahali anapoliona yeye na wateja hawalioni.

Kampuni iombe mambo matatu. Kwanza, wapige simu kwenye namba mbili tofauti kabla ya kuwaita polisi. Sheria ya Texas inauruhusu mji kuidai kampuni ijaribu kukupata mara mbili, lakini hata kama mji wako haulidai hilo, wewe unaweza kulidai. Hakikisha namba ya pili si ya mtu aliyehamia Ohio mwaka juzi. Pili, mtambo upangwe ili sensa mbili zishtuke ndipo ishara itumwe, si moja peke yake. Tatu, muda wa kutoka na kuingia uongezwe, maana anayefunga duka akiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa mauzo mkononi anahitaji zaidi ya sekunde chache kuufikia mlango. Mitambo inayofuata kiwango kinachoitwa CP-01, kilichotungwa mahususi kupunguza milio ya bure, huja na mipango ya namna hii. Muulize fundi kama wako unakifuata.

Kitufe cha dharura kilicho chini ya kaunta kiache kwa ajili ya unyang'anyi wa kweli tu. Kikibonyezwa, kampuni haipigi simu kukuuliza, kwa sababu inadhani una bunduki mbele yako, na askari wanaokuja wanakuja wakijua hivyo, mikono iko tayari. Kwa mteja anayebisha bei, au mtoto aliyechomoa soda akakimbia, tumia simu, ueleze kwa sauti yako mwenyewe kilichotokea.